Mistari Saba ya Kimyakimya

Walikutana wakigombea soketi moja, kwenye ukumbi uliojaa watu na kompyuta. Mkasi alichomoa waya wa dada mmoja wa gauni la njano, akachomeka wake.

"We kaka, una wazimu?"

"Chaji yako imejaa, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

Baada ya miezi mitatu akawa mpenzi wake kweli.

Mkasi ni jina la kazi. Alijitolea kuandaa programu za watu ziingie kwenye mfumo huria wa kompyuta, ule wa bure kwa wote, na sheria ya huko haina huruma: programu isibebe tumboni nakala yake ya maktaba ya JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Zote zitumie ile moja ya mfumo, likipatikana tundu la wezi lizibwe mara moja. Akiona nakala, anakata.

Programu ya mpenzi wake ilipanga miadi ya wagonjwa. Akaikata nakala, akaiunganisha na maktaba ya mfumo, akaiachia kwa watumiaji. Jumatatu kompyuta ya kliniki ya mama mkwe mtarajiwa ikajisasisha. Simu ikalia.

"Umefanya nini wewe? Wagonjwa wa kesho wote wametumiwa ujumbe waje leo! Wamejaa mlangoni, wanamtukana mama yangu!"

"Nimetoa takataka tu."

"Takataka ni wewe!" Akakata simu.

Mkasi akailinganisha ile nakala na maktaba halisi. Mistari saba ya msimbo, ile ya kuhesabu tarehe, haikufanana. Bibie alisharekebisha kosa la maktaba kwa mkono, ndani ya nakala yake, kimyakimya.

Akaenda kliniki na ndala zake za nyumbani. Akamkuta mapokezi, kilemba kimelegea, anaandika miadi kwa kalamu.

"Nilikuuliza kama nakala ni safi, haijaguswa, ukasema safi!"

"Na wewe ukaachia bila kujaribu!"

"Kwa nini ulinificha?"

"Wenye maktaba niliwaandikia mara mbili kuhusu kosa hilo, wakanipuuza. Na wewe ungenicheka, bwana sheria."

Angemcheka. Alijua angemcheka, na hilo ndilo lilimuuma.

Mama mtu akachungulia. "Nyie, mnagombana au mnaandika? Wagonjwa wanasikiliza."

Mkasi akavuta kiti, akachukua kalamu.

"Leo tunawatumia tena hiyo mistari, kwa majina yetu mawili. Wakipuuza, naitia kwenye maktaba ya mfumo mwenyewe. Na safari hii najaribu kwanza."

"Sijakusamehe."

"Hata mimi."

"Sogea basi, unanibana."

Mkasi hakusogea. Naye hakurudia kusema.