Maji ya Kibanda cha Kwanza

Ijumaa ile Benedikta aliamka alfajiri kama kawaida yake, akakanda unga wa chapati, akachemsha maziwa, kisha akanywa chai amesimama karibu na sinki, kwenye kikombe chake mwenyewe. Kilikuwa kikombe cheupe, na kitakoni kilipakwa rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganywe na vya wenyewe. Aliyekipaka ni Muhsina, mama mwenye nyumba. Muhsina hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Benedikta alipougua jino alimpeleka kwa daktari kwa gari lake mwenyewe. Ila alikuwa na kinyaa. Msichana wa kazi aliyetangulia alikutwa akilamba kijiko cha uji wa mtoto, na wiki hiyohiyo alirudishwa kwao.

Kwa hiyo Benedikta alijua mipaka. Alikuwa na watoto wawili Bukoba waliosoma kwa kazi hii, na hapa Qurum, Omani, alikuwa na Noof, binti wa Muhsina, miaka sita, aliyemlea tangu ana mitatu. Noof alimwita Dada Bene na hakulala bila kumshika sikio. Mtoto huyo alikuwa na kikombe chake cha plastiki cha pinki, hakitoki mkononi.

Saa mbili asubuhi akafika Sinan, kaka yake Muhsina, na boti yake nyuma ya gari.

"Leo nnakupelekeni Hillat Shibli," akasema. "Alikozaliwa bibi kabla hajachukuliwa Unguja. Barabara imekatwa na mafuriko, lakini maji bamvua leo, yanajaa sana, boti inaingia mpaka ndani ya mtaa. Tutarudi kabla ya sala."

Waliishusha boti baharini, wakapita nyuma ya milima ya kahawia isiyo na jani hata moja, na baada ya nusu saa ukatokea uwazi mwembamba kati ya kuta mbili za mawe. Huo ulikuwa mdomo wa mfereji. Sinan akapunguza mashine. Nyumba zilisimama pande zote mbili, paa zimeporomoka, milango ikifungukia majini. Maji yenyewe yalikuwa mazito, yana utando wa mafuta na povu la manjano, na samaki waliovimba walielea wamegeuza matumbo. Muhsina alijifunika pua kwa shela yake. Benedikta alimkalisha Noof mapajani na kumwambia asiguse kitu.

Boti ilipogusa chini, wakaifunga na kupanda kwa miguu. Kutoka hapo mfereji ulifunikwa kwa mabamba ya mawe, nao wakaufuata kwa juu, wakipandisha kilima. Sinan alieleza njiani kama mwalimu. Waomani wa zamani, alisema, walikuwa na utaratibu wao kwenye falaji, maana ndivyo walivyouita mfereji wa namna hii. Kila pahala na kazi yake.

"Bibi akitwambia, pa mwanzo pa kunywa. Halafu wanaume wanaoga, halafu wanawake. Halafu tena sijui nini, nishasahau."

Wakafika kwenye kibanda cha kwanza. Chumba cha mawe, mlango mfupi, ndani kiza kidogo na ubaridi.

"Basi hapa ndo pa kunywa," Sinan akasema, akaendelea mbele kutafuta nyumba ya bibi yake. Muhsina alibaki nje akipiga picha.

Noof alikuwa ameanza kulia kiu. Chupa za maji zilibaki kwenye boti. Benedikta akainama, akaingia naye ndani. Katikati kulikuwa na jiwe refu la kulazwa mtu, laini kwa kusuguliwa, limechongwa kijito pembeni cha kutolea maji. Ukutani palikuwa na birika la mawe limejaa maji hadi ukingoni. Sakafuni majani ya mkunazi yametapakaa, mabichi. Na kulikuwa na harufu. Aliifahamu, ila hakukumbuka aliinusa wapi. Akafikiri ni ya kabati la nguo.

Mama yake kule Bukoba, enzi za kuteka maji bondeni, hakumpa mtoto maji kabla ya kuyaonja. Benedikta alichota kwa kikombe cha pinki na kuonja. Yalikuwa baridi, matamu, mazito kidogo ulimini. Akanywa mafunda mawili, na la tatu kwa sababu ya kiu. Kisha akachota tena akampa Noof, naye akamaliza kikombe kizima.

Juu kabisa ya kilima walimkuta Sinan amesimama na mwanamke mzee mwenye mbuzi. Alijitaja kuwa Jawaher, mkazi wa mwisho wa mtaa ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja. Noof alipomkaribia, bibi yule akarudi nyuma na kuziba pua.

"Mbona mtoto huyu ananuka kafuri?"

Muhsina akamvuta mtoto kwake, akamnusa nywele.

"Mmepita wapi nyinyi?" Jawaher akauliza.

"Tumekuja kwa boti, bi mkubwa," Sinan akasema. "Tumepanda na mfereji."

"Mmekunywa kule chini?"

"Mtoto kanywa," Muhsina akasema. "Si ndo pa mwanzo, pa kunywa?"

Jawaher akatema mate pembeni. "Pa mwanzo hapa! Maji yanatoka mlimani, yanashuka. Nyinyi mmekuja kutoka baharini mkahesabu kinyumenyume. Mlikoanzia nyinyi ndo mwisho. Pale pa kuoshea maiti."

Muhsina alitoa sauti ndogo ya mtu aliyemeza nzi. Ndipo Benedikta akakumbuka alipoinusa ile harufu: mwaka jana, alipofariki mama mkwe wa Muhsina, maiti yake ikatiwa kafuri na pamba sebuleni hapohapo Qurum.

"Maji yaliyooshewa watu," Muhsina alinong'ona. "Mwanangu kanywa maji ya maiti."

"Maji gani?" Jawaher akasema. Akamvuta Sinan hadi kwenye mfereji na kumwonyesha. Ndani kulikuwa na vumbi na kinyesi cha mbuzi. "Tangu mafuriko hapana tone. Falaji imekufa. Wala hapana aliyeoshwa kule, wote washahama. Lakini kila Ijumaa majani mabichi na birika limejaa. Mimi siendi kuuliza nani anoosha."

Noof alikuwa ameacha kulia. Alikaa chini juani, ametulia mno. Benedikta akamgusa shavu. Lilikuwa baridi.

"Nisikilizeni," Jawaher akasema, sasa polepole. "Anokunywa maji yale keshaoshwa ndani. Wao watakuja kummalizia nje tu. Mrejesheni ayatapike palepale, kabla ya adhana ya Ijumaa. Na mwengine yeyote aliyekunywa. Nani mwengine kanywa?"

Sinan akatikisa kichwa. Muhsina akasema hajaingia hata ndani. Kisha wote wakamtazama Benedikta.

Kikombe cha pinki kilikuwa mkononi mwa Muhsina. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

"Hapana, bibi," Benedikta akasema. "Mimi sijanywa."

Walishuka mbio, Sinan kambeba mtoto. Wakamwinamisha Noof juu ya lile jiwe. Muhsina hakuweza, alisimama mlangoni, kwa hiyo Benedikta ndiye aliyemtia vidole kooni. Yakatoka maji. Yakaendelea kutoka. Mtoto alikunywa kikombe kimoja, na maji yale yangejaza ndoo. Yakatoka majani. Kisha Noof akakabwa, macho yakamtoka, na Benedikta akahisi kwa vidole kitu laini nyuma ya ulimi wa mtoto. Akakivuta. Pamba. Donge la pamba lililolowa, la kijivu, linanuka. Akavuta la pili. Kwenye donge la pili ulining'inia unywele mrefu wa mvi. Ulitoka taratibu, ukija na ute, hauishi, na mtoto akikoroma.

Benedikta akabana midomo. Maji yakamfika mdomoni, baridi vilevile. Alihisi kitu laini kikimgusa kaakaa.

Muhsina alikuwa anamtazama.

Benedikta akameza.

Noof akalia kwa sauti, akamwita mama yake, na mashavu yakaanza kuwa moto. Adhana ilisikika kwa mbali kutoka mtaa wa pili wa pwani. Walirudi Qurum bila mtu kusema neno, na jioni mtoto alikula wali na kucheza.

Benedikta alijifungia chooni. Akanywa maji ya chumvi, akajitia vidole mpaka koo likachubuka. Hakikutoka kitu.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana, alijilaza kidogo chumbani kwake nyuma ya jiko. Alipoamka mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa. Ngozi imekunjamana na kuwa nyeupe kama iliyoloweshwa mchana kutwa, kucha safi kabisa, hata alama yake ya zamani ya kuungua na mafuta imesuguliwa ikatoka. Ulinuka kafuri. Saa moja baadaye alitoa trei kwenye oveni bila kitambaa, na hakuhisi chochote. Aliitazama nyama ya kiganja ikiiva.

Alimpigia simu Theodora, binti wa mama yake mdogo, aliyefanya kazi ya saluni Khuwair ya Kusini, akamweleza yote.

"Mwambie mama Noof," Theodora akasema. "Akupeleke ukatapike."

"Nitamwambiaje? Nilikunywa kwenye kikombe cha mtoto. Tena kabla yake."

"Bene, wewe unaoshwa halafu unaogopa kikombe?"

Lakini aliogopa. Alijiambia labda imeishia mkononi. Ijumaa ya pili alijizuia kulala, akakaa kitini akimenya vitunguu, na kisu kikamponyoka saa sita mchana. Alipofumbua macho upande wa kushoto nao ulikuwa umekwisha kuoshwa, kuanzia bega hadi unyayo. Nywele zake alikuwa amezikata fupi, hazishikiki. Mapajani mwake zililala nywele ndefu za mvi, zimelowa, zimesukwa mikia mitatu kama za maiti ya mwanamke.

Alikwenda sebuleni hivyohivyo, mikia ile mkononi, akasema yote.

Muhsina alisogea nyuma kitini. Midomo yake ilikunjamana.

"Umekunywa," akasema. "Kwa kikombe gani?"

"Cha Noof, mama."

Muhsina alitema kwenye karatasi laini. Hakuulizia mikia wala mkono. Alikwenda jikoni, akakinyanyua kikombe cha pinki kwa mfuko wa plastiki, akatoka nacho hadi pipa la taka la barabarani, akarudi akanawa mara tatu. Baadaye, tuseme ukweli, alitulia na kuona aibu. Akampigia kaka yake.

"Ijumaa ijayo maji mafu, hayajai," Sinan akasema. "Boti haiingii. Wiki ya pili yake, inshallah, nitampeleka mwenyewe."

Benedikta alimpigia Theodora. Sauti yake ilitoka kama mtu mwenye kitu mdomoni. "Njoo Ijumaa kabla ya saa sita. Nikae na wewe. Usiniache nisinzie."

Theodora aliahidi. Lakini Ijumaa hiyo kulikuwa na bibi harusi saluni, hina haikukauka, teksi ikachelewa, na alifika Qurum saa saba kasoro robo. Muhsina alikuwa na wageni, na alidhani Benedikta amepumzika. Mlango wa chumba ulifungwa kwa komeo la ndani. Waligonga, wakaita. Sinan akaitwa, akauvunja kwa bega.

Hakukuwa na mtu. Dirisha lina nondo. Godoro limelowa hadi maji yanachuruzika sakafuni, na majani ya mkunazi yamegandia ukutani. Nguo za Benedikta, zote hadi za ndani, zilikunjwa vizuri juu ya kiti, na juu yake ikawekwa rozari yake. Mashuka yake meupe hayakuwepo, na bunda la pamba lililokuwa kabatini lilikuwa limechanwa na kubaki nusu. Dirishani kilisimama kikombe cha pinki, kilichotupwa siku saba nyuma. Kilijaa maji hadi ukingoni.

Muhsina aliona kikombe kile akakaa chini sakafuni, kwenye maji yale yale, na baibui lake la wageni. Alilia kwa sauti. Polisi walikuja wakauliza, wakaandika. Hakuna aliyemwona akitoka.

Ijumaa ya bamvua Sinan alimpeleka Theodora Hillat Shibli. Kwenye kibanda kile birika lilikuwa kavu kwa mara ya kwanza, kavu hadi chini, linang'aa. Jiwe lilikuwa bado bichi kwa maji. Juu yake kimepinduliwa kikombe kimoja cheupe, na kitakoni rangi nyekundu ya kucha.

Asubuhi ile ile kikombe hicho walikiacha Qurum, jikoni, karibu na sinki. Theodora alikiona kwa macho yake wakati Sinan akitafuta funguo za boti.

Muhsina hakutaka kirudi nyumbani kwake. Theodora alikichukua, maana hakikubaki kitu kingine cha kupeleka Bukoba. Kiko Khuwair hadi leo, juu ya friji, kimepinduliwa. Hanywi kwacho, wala hampi mtu. Kila Ijumaa mchana hukiinua na kukifuta ndani kwa kitambaa, kwa sababu huwa kimelowa.