Nyuki Hawakutoka

Ndugu wasomaji, nawasimulia habari ya nyumba moja ya hapa kwetu Babati. Sitazungusha maneno sana, kwa sababu kuna mtu aliyekufa, na aliyekufa alikuwa mtu mwema.

Nyumba yenyewe iko pembeni mwa Maisaka, mahali ambapo ukifungua dirisha asubuhi unaukuta Mlima Kwaraa umekukodolea macho. Hapo waliishi Vicent, fundi simu, mkewe Fabiola, na binti yao Brightness aliyekuwa darasa la tano. Asubuhi zao zilikuwa za amani. Fabiola alibandika chai, na kabla haijachemka simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, Paskasi, mfuga nyuki aliyejenga juu kabisa, ukingoni mwa msitu wa mlima.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nyuki wameamkaje?"

"Wametoka wote. Upepo ni mdogo, unatoka upande wa ziwa. Kileleni kuna wingu jepesi, saa nne litakuwa limeondoka."

Fabiola alimweleza mumewe maneno hayo kama yalivyo. Vicent alisafisha koo, akashika simu yake na kurekodi: "Habari za asubuhi wapenda milima! Hapa ni Vicent wa Kwaraa Leo. Upepo ni mdogo, wingu litaondoka saa nne. Pandeni kwa raha!"

Kwaraa Leo lilikuwa kundi la WhatsApp. Lilianza na watu tisa waliopenda kupanda mlima mwisho wa wiki, likavuta wakimbiaji, waendesha baiskeli, na vijana waliojinoa Kwaraa kabla ya kwenda kuijaribu Kilimanjaro. Mwaka wa pili lilipita watu mia sita. Hakuna aliyefunga kamba za viatu kabla ya kusikia sauti ya Vicent, na kwa miaka miwili sauti hiyo haikukosea hata mara moja.

Ingekosea vipi? Paskasi aliishi na mlima mlango kwa mlango. Alijua kwamba siku upepo mbaya unapojiandaa, nyuki hawatoki. Jua linaweza kuwaka, anga ikawa safi, lakini wao wanajazana mlangoni mwa mzinga na kurudi ndani. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuangushiwa mizinga yake mara tatu na dhoruba ambazo nyuki walizijua mapema kuliko yeye.

Ugonjwa ulioingia katika nyumba hiyo haukuwa pombe wala kamari. Ulikuwa sifa. Msicheke, maana mlevi watu humwona akiyumba wakamshika mkono, lakini mlevi wa sifa tunampigia makofi.

Siku moja mtu mmoja aliuliza kwenye kundi, "Kaka Vicent, unatumia kifaa gani kupima upepo?" Fabiola alikuwa anachambua mchele. Alimsikia mumewe akijibu kwa sauti nzito, "Kuna mtambo nimeagiza nje. Mambo ya kitaalamu hayo." Fabiola aliinua uso kumtazama, naye Vicent akageukia ukutani.

Baada ya hapo watu walianza kumuuliza hata habari za theluji ya Kilimanjaro. Vicent hakuwahi kuiona theluji isipokuwa kwenye kalenda, lakini alitangaza bila aibu kwamba "theluji ya kileleni wiki hii imeshikana vizuri, haitelezi." Paskasi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, huyu shemeji yangu atatutangazia mpaka hali ya hewa ya mbinguni," alisema. Wakati huohuo bati moja la jikoni kwa mtabiri lilikuwa limeng'oka na mvua inamnyeshea mkewe sufuriani. Miezi minne Fabiola alilisemea bati lile. Jibu lilikuwa, "Nikipata nafasi, Mama Brightness. Huoni watu wananisubiri?"

Mwezi wa kumi Paskasi aliteremka mjini na ndoo mbili za asali, akapita dukani kwa Vicent. Watu walikuwa wamejaa, na miongoni mwao alikuwepo Kindness, dada mchangamfu aliyekuwa anaongoza safari za kundi. Paskasi alisalimia, akasubiri kidogo, kisha akasema kwa upole:

"Shemeji, nina ombi dogo. Siku moja moja uwe unataja kwamba habari zinatoka kule juu. Vijana wanapita kwangu, nikiwaambia leo msipande, wananicheka. Wakijua ni mimi ninayekupa habari, watanisikiliza."

Lilikuwa ombi la haki, tena la busara. Lakini Vicent aliona macho ya watu yamemgeukia, akaona aibu, na aibu ikamtoa maneno ambayo angelipa chochote leo kuyarudisha.

"Unipe habari wewe? Wewe mrina asali?" Alicheka kwa nguvu ili wengine wacheke naye. "Jamani, huyu anataka nyuki wake waajiriwe kuwa wataalamu wa hali ya hewa!"

Duka zima liliangua kicheko. Paskasi naye alitabasamu, akainua ndoo zake na kwenda sokoni. Jioni Fabiola alipopata habari alilia. "Ni mdogo wangu, Baba Brightness. Anakulisha maneno kila siku, wewe unamtemea mate." Vicent alijibu kwamba wanawake hawajui utani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu siku ile Vicent hakutaka tena kusikia habari za nyuki. Jioni, kabla ya kula, alifungua simu yake, akasoma utabiri uliohusu Babati mjini, akarekodi taarifa ya kesho na kuituma alfajiri bila kutazama nje. Mlima hauishi mjini, ndugu zangu. Upepo unaopeperusha vumbi kidogo pale stendi unaweza kuwa unang'oa miti kule juu. Hata hivyo bahati ilimbeba wiki tatu, naye akaiita bahati hiyo utaalamu. Paskasi aliendelea kumpigia dada yake kila asubuhi, kwa mazoea na kwa upendo.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, siku ya safari kubwa ya mwaka. Watu thelathini na wanne walikuwa wapande Kwaraa pamoja, wamevaa fulana zenye jina la kundi. Alfajiri Vicent alituma maneno aliyoyarekodi jana yake: "Mlima uko shwari kutwa nzima." Yeye hakupanda. Kazi yake ilikuwa kuwapokea chini alasiri, kwa nyama choma na hotuba.

Saa mbili kasoro simu ya Fabiola iliita. Safari hii hapakuwa na shikamoo.

"Dada, nyuki hawakutoka. Jua limeshapanda na hakuna hata mmoja aliye nje. Watu wa shemeji wamepita hapa sasa hivi, nimewazuia, wakanionyesha simu. Mwambie awarudishe. Bado wana mtandao, wakiingia msituni hawatapatikana."

Fabiola alimkimbilia mumewe, aliyekuwa mbele ya kioo akinyoosha kola ya fulana mpya. Akamweleza. Vicent alitazama dirishani. Mlima ulikuwa wazi, unang'aa, na kofia ndogo tu ya wingu.

"Shwari kabisa," alisema. "Unataka niwaambie watu thelathini na wanne warudi kwa sababu nyuki wamelala?"

"Nataka useme hujui. Sema tu, ngojeni kidogo."

"Nitaonekana mwongo."

Kabla hajamaliza, simu yake mwenyewe iliita. Alikuwa Kindness. "Kaka Vicent, samahani. Huyu mfuga nyuki ametutia wasiwasi, na naona ukungu umeanza kushuka upande wa pili. Tuendelee au turudi? Tunakusikiliza wewe."

Hapo ndipo kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Neno moja lingetosha. Fabiola alikunja mikono kifuani akimtazama. Vicent aliwaza fulana, nyama, hotuba, na kicheko cha watu kikimgeukia yeye.

"Endeleeni," alisema. "Huo ukungu unapita."

Saa nne kasoro upepo ulifika. Hata mjini mabati yalipiga kelele na wauza mitumba wakakimbilia nguo zao. Mlima ulipotea wote, kana kwamba mtu ameufunika kwa blanketi. Mvua ya mawe ikafuata. Vicent alipiga simu ya Kindness mara ishirini na haikupatikana. Fabiola alipiga ya Paskasi, nayo ikaita bila kupokelewa, maana Paskasi alikuwa ameiacha juu ya meza na kupanda zamani.

Walipanda na majirani mpaka kwenye mizinga, wakangoja pale wakiwa wamelowa. Saa nane watu walianza kuteremka, wametapakaa matope, wamekumbatiana, wengine hawawezi kusema kwa baridi. Vicent aliwahesabu mara mbili. Walikuwa thelathini na wawili. Karibu saa kumi wakatokea wawili waliobaki, wakimbiaji waliokuwa wametangulia mbele ya wenzao. Mmoja wao, Herieli, alikuwa amebeba kofia ya Paskasi.

"Alitufuata mpaka karibu na kilele," alisema. "Tulipoanza kurudi alikaa nyuma yetu, akitusukuma, kimbieni, kimbieni. Mti ukaanguka. Tulijaribu kuuinua, mama. Hatukuweza."

Fabiola hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye matope kati ya mizinga ya mdogo wake, na nyuki walikuwa kimya ndani.

Walimzika Jumanne, pale pale ukingoni mwa msitu. Watu walikuwa wengi kuliko waliowahi kufika nyumbani kwake alipokuwa hai. Padri alipomaliza, Kindness aliomba nafasi ya kusema.

"Alitukuta tumeshapita nusu ya njia," alisema huku analia. "Tulimgomea. Tulimwambia Vicent ametuambia tuendelee, na sisi tunamsikiliza Vicent. Ndipo akasema, 'Vicent ndiye aliyenituma. Amebadilisha. Amesema mgeuke sasa hivi.' Aliposema hivyo tukageuka. Kaka Vicent, ulikosea asubuhi, lakini ulimtuma shemeji yako atufuate. Sisi thelathini na wanne tuko hai kwa sababu yako. Mungu akubariki."

Watu wakasema amina. Vicent hakumtuma mtu. Paskasi alijua jina lake mwenyewe halina uzito, akaazima jina la yule aliyemcheka ili watu wapone. Wakampa Vicent kipaza sauti. Akakishika. Upande wa wanawake Fabiola aliinua uso, akamtazama, na katika macho yale hapakuwa na hasira. Palikuwa na ombi, lile lile la Paskasi dukani: litaje jina.

Vicent alifungua mdomo. "Asanteni," alisema. "Mungu amlaze mahali pema." Akakaa.

Jioni watu walipotawanyika, alimwambia mkewe, "Twende nyumbani." Fabiola alikuwa anafunga mlango wa nyumba ya marehemu kwa ndani, Brightness yuko nyuma yake.

"Alikufa na jina lako mdomoni, Baba Brightness," alisema. "Wewe la kwake limekushinda. Mimi nabaki na nyuki."

Wiki zilizofuata Vicent alipata sifa kuliko wakati wowote. Ujumbe ulimiminika: shujaa, mlinzi wetu, baba wa mlima. Aliusoma peke yake, katika nyumba yenye bati lililong'oka. Hakuweza tena kutangaza. Mwezi wa nne hakustahimili, akarekodi ukweli wote, dakika kumi na moja, akautuma. Hakuna aliyemtukana. Watu waliondoka kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, na Kindness alikuwa wa kwanza. Mpaka usiku kundi lilikuwa limebaki na watu wachache wasiofungua simu zao.

Siku hizi kila Jumapili anapanda kwa miguu mpaka kwenye mizinga. Fabiola anamkaribisha chai, anamuuliza hali, na jua likianza kuinama anamwambia, "Safari njema." Hajarudi Maisaka, na sidhani kama atarudi. Ni Vicent mwenyewe aliyenieleza haya yote, akaniomba nisimfichie kitu. Alipomaliza aliniambia, "Ukiandika, litaje jina lake." Basi nimeliandika hapa: Paskasi, mfuga nyuki wa Kwaraa.

Funzo

Wenzangu, msiwatangazie watu jambo ambalo hamkuliona. Anayesubiri neno lako amekukabidhi roho yake, na roho ya mtu si kitu cha kulindia heshima yako. Ukikosea, sema nimekosea saa ile ile, hata kama umeshavaa fulana mpya. Aibu ya asubuhi huisha kabla ya jioni, lakini majuto ya Vicent hayaishi.

Kazi ya mwenzako usiifanye yako, hasa kazi ya mnyonge asiye na pa kujisemea. Vicent alipolificha jina la Paskasi alidhani ameficha jambo dogo. Kumbe aliwanyima watu sababu ya kumsikiliza mtu pekee aliyeujua mlima siku ile.

Na sisi tunaosikiliza si wasafi. Tulicheka dukani, tukashangilia sauti nzuri bila kuuliza imetoka wapi. Kesho mtu akikuambia mlima uko shwari, muulize nani ameutazama asubuhi hii. Akishindwa kukutajia jina, vua viatu ubaki nyumbani.