Mfupa Kando ya Simu

Umewahi kusikia simu iliyozimwa ikikohoa?

Mimi nimesikia. Mimi mwenye digrii ya fizikia na sina kazi, niliyetumwa na mama kununua tofu, jibini ya soya, jioni, hapa kwetu Akita. Niliporudi, nyumba ilinuka ubani... na dawa ya kuchua ya marehemu bibi.

Mdogo wangu Ryohei alikuwa amepiga magoti mbele ya picha ya bibi. Simu mkekani. Humo mna mchezo wake: unabonyeza, bahati inakupa shujaa au takataka. Miezi yote hii anamtaka mmoja tu, Ajuza wa Theluji. Wachezaji wa kwetu huweka chambo kando ya simu, kitu kinachofanana na wanachokitaka. Ukimtaka shujaa wa upanga, weka kisu cha jikoni. Upuuzi mtupu, na wenye digrii tunafanya.

Chambo cha Ryohei kilikuwa cheupe.

Chungu chenye mifupa ya bibi, iliyobaki baada ya kuchomwa, kilikuwa wazi.

"Wewe! Umetoa mfupa wa bibi?"

"Shh... kadogo tu, kaka. Bibi alinipenda."

"Una wazimu? Rudisha!"

"Na wewe unayetuma maombi ya kazi kila siku, unacheza nini? Mimi angalau naona mataa."

Akabonyeza.

Mwanga wa dhahabu ukajaa chumba. Ajuza akatokea kwenye kioo cha simu. Akakohoa, kikohozi ninachokijua.

"Ryohei... baridi huku. Nitoe."

Nikanyakua simu, nikaizima.

Ikakohoa.

Na mkekani mfupa haupo.

Ryohei akaninyang'anya simu huku analia. "Ametoka kipande tu, kaka! Mpaka umpate tena na tena ndipo anakamilika!"

Akatumbukiza mkono chunguni.

Sasa chungu ni kitupu. Kesho tunakizika, mama hajui. Bibi bado hajakamilika. Asubuhi nimemkuta Ryohei bafuni, koleo mkononi, mdomo umejaa damu.

"Na mimi ni damu yake," akaninong'oneza.

Niliwaandikia watengenezaji wa mchezo. Wakajibu kwa adabu, na radhi nyingi: Ajuza wa Theluji hajawahi kurekodiwa sauti.

Basi nyie mnaopanga nani apate na nani akose, sitaki radhi zenu. Mtoeni bibi yetu humo. Mtoeni leo, kabla mdogo wangu hajang'oa jino la pili.