Feni Isiyopaswa Kutulia

Laptopu iliingia dukani ikiwa imewashwa, feni yake ikivuma kama bomba lililopasuka, lakini bodi yake ilikuwa baridi. Fundi, mwanamke ambaye wateja wote walimwita Bisibisi, aliweka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa, akakunja uso. Feni ya laptopu hukimbia pakiwa na joto. Hii ilikuwa inakimbia bure.

"Ina tatizo gani, mama?"

"Kelele tu," alijibu mwanamke aliyeileta. Alikuwa mjane. Mumewe, mchora ramani za nyumba, alifariki miezi mitatu nyuma na hiyo ndiyo mashine aliyokuwa akifanyia kazi. "Ninyamazishie. Wala usiharakishe."

Aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akaondoka bila kuuliza itakuwa tayari lini.

Upande wa pili wa chumba, kaka yake Bisibisi alikuwa na mashine ya kutoa kopi. Walikuwa wamenuniana tangu asubuhi kwa sababu ya feni la mezani, kila mmoja akitaka limpepee yeye.

"Izime hiyo takataka," kaka alisema bila kugeuka. "Inanitoboa masikio."

"Si ndiyo naishughulikia? Hebu niache."

Alifungua programu inayoongoza feni. Kwenye kioo ukatokea mchoro: chini umeandikwa joto, pembeni kasi ya feni, na katikati mstari wenye vitone ambavyo mtu anaweza kuvivuta apendavyo. Watu wengi huuacha mstari ulale chini, kisha upande taratibu kadiri mashine inavyopata moto. Nyuzi hamsini feni itembee, sabini ikimbie, tisini iende kwa nguvu zote. Mstari wa marehemu haukupanda popote. Ulikuwa umenyooka juu kabisa, asilimia mia, mwanzo hadi mwisho, na mpangilio huo aliuhifadhi kwa jina la USISHUSHE.

Bisibisi aliguna. Alishaona majina ya ajabu zaidi ya hilo. Akavishika vitone kimoja kimoja, akavishusha, akaiamuru feni isizunguke mpaka joto lifike nyuzi hamsini. Akahifadhi.

Feni ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikasimama.

Saa nane mchana, barabarani watu wanapita, na bado ukimya wa mle ndani ulimfanya ainue kichwa. Kisha akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akainusa mashine, haikutoka humo. Namba ya joto kwenye kioo ilikuwa inapanda ingawa hakuna programu nyingine iliyofunguliwa: thelathini na moja, thelathini na nne, thelathini na saba. Hapo ikasimama kwa muda mrefu, kama mtu anayepiga hodi. Kisha ikasoma thelathini na nane.

Nyuma yake, bunda la karatasi lilianguka.

Kaka alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, shati limelowa jasho. Bisibisi alichukua kile kipimajoto anachotumia kutafuta sehemu zinazoungua kwenye bodi za mashine, akamwelekezea kwenye paji la uso. Thelathini na tisa. Akageuka kuangalia kioo. Thelathini na tisa.

"Kaka," alinong'ona. "Unajisikiaje?"

"Fundi," alijibu. Tangu wazaliwe hajawahi kumwita hivyo. Sauti ilikuwa ya kaka yake, lakini ilitoka taratibu, kama ya mtu anayejaribu viatu vipya. "Acha mstari ulivyo. Humu ndani ni pazuri."

Alivuta vitone kuvirudisha juu, lakini kila alipokiachia kimoja kiliteleza chini chenyewe, kama kuna kidole kingine upande wa pili wa kioo. Aliweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia, akasita, akampigia mjane.

Simu iliita mara moja tu.

"Usiizime," mjane alisema kabla hajasalimiwa. "Mume wangu alikufa siku umeme ulipokatika na betri ikaisha. Upepo ndio unaomlaza huyo aliye ndani ya mashine. Akipata joto anaamka, anaingia mwilini mwa aliye karibu."

"Ulijua?"

Bisibisi aliikandamiza simu sikioni.

"Mama, ulijua na ukaniletea?"

"Nina watoto watatu, dada," mjane alisema kwa sauti ya chini. "Niliuliza mtaani, nikaambiwa wewe huna."

Akakata.

Namba ilisoma arobaini na moja, na midomo ya kaka ilikuwa imeanza kupasuka, na harufu ya nywele ilikuwa imejaa chumba chote, na Bisibisi alilivuta lile feni la mezani walilogombea akalielekeza kwa kaka yake, akanyakua bloa ya kupulizia vumbi akaichomeka kwenye matundu ya laptopu, na upepo ulipoingia feni ndogo ya ndani ikaanza kuzunguka kwa kulazimishwa, ikilia kama paka aliyebanwa mlangoni, na papo hapo kaka akanyanyuka kwa miguu isiyojua kutembea, akavuka chumba, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vya moto ambavyo vilimuunguza mpaka akauma ulimi, lakini hakuiachia bloa, na kwa mkono wa pili akavuta kitone cha kwanza juu, nacho kikakaa.

Cha pili kikakaa. Cha tatu. Alipofika cha mwisho alikuwa analia. Akahifadhi.

Feni ikashika kasi yenyewe. Kaka akaanguka miguuni pake, akatapika, akauliza kwa nini karatasi zimetapakaa.

Aliulizia mtaani kwa mjane, akaipeleka mashine jioni hiyo, mkono umefungwa kitambaa, chaja imechomekwa kwenye betri ya gari aliloazima. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani akasema walihama wiki iliyopita. Namba ya simu haikupatikana tena.

Sasa laptopu inakaa rafu ya juu dukani, imeunganishwa na betri mbili za akiba. Wateja wawili wametaka kuinunua. Yeye na kaka yake wamekubaliana kwamba hawatampa mtu, na tangu siku ile hawajagombana tena.

Lakini feni haikutengenezwa kwenda kwa nguvu zote mwaka mzima. Beringi yake imeanza kukwaruza, na feni za aina hiyo hazitengenezwi tena. Hata ikipatikana, kuibadilisha lazima kwanza ya zamani isimamishwe.

Jana mchana ilikwama. Sekunde moja, labda mbili, kisha ikaendelea. Bisibisi aligeuka kumtazama kaka yake. Alikuwa anahesabu kopi za mteja, ametulia kabisa, na kwa mgongo wa mkono alikuwa anajifuta jasho.