Zima Ile Nyota

Siku ilianza kama siku zote za Kavimvira, mtaa wetu wa ufukweni Uvira. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilikuwa zinapakuliwa, pikipiki za kwanza zilikuwa zinanguruma kuelekea mpakani, na dada yangu Alliance alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ua wetu, amevua miwani, anatazama mbingu.

Mimi wakati ule nilikuwa chuoni Bukavu. Sehemu ya kwanza ya habari hii nimeitoa kinywani mwake. Sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu.

Alliance anafundisha fizikia, na macho yake ni mabovu. Bila miwani, nyota kwake si nukta, ni donge la ukungu. Lakini nyota yenye mkia, kama ile iliyotokea siku zile, ni donge la ukungu tangu mwanzo. Kwa hiyo alikuwa akivua miwani ili nyota zote zifanane nayo, kisha analinganisha: hii imeizidi ile, ile imezidiwa na hii. Hivyo alijua kama mgeni wa mbinguni anaongezeka mwanga au anapungua. Akishajua, aliandika mstari mmoja katika WhatsApp ya mtaa: "Leo imeongezeka. Tazameni juu ya milima ya Burundi kabla jua halijatoka."

Ilikuwa mwisho wa Septemba, mwaka 2024.

"Madame wa Nyota!" Libérat, baba wa Mapendo, alimpigia kelele, maji yamemfika kiunoni, kamba ya boti begani. "Leo iko na wati ngapi?"

"Inashinda taa yako, Papa Mapendo."

"Basi uilete, tuifunge ku boti! Betri yangu imekufa!"

Wavuvi wakacheka, na Libérat akacheka kuwashinda. Nalisema hili mapema ili mjue: hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Koko Kankindi naye alicheka. Koko kwetu ni bibi. Alikuwa mjane, mkunga wa zamani, na nusu ya wanaume wale aliwapokea yeye walipotoka tumboni mwa mama zao. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa ziwa. Maji yalipopanda mwaka ule yakaingia sebuleni kwa watu, majirani walihama, yeye akakataa. Alipita juu ya mbao kutoka mlangoni hadi kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, akaanika ndagala zake.

"Ziwa itarudi kwayo," alisema. "Minye nirudi wapi?"

Kisha watoto wakaanza kuugua. Ziwa lilikuwa limeingia vyooni, na vyoo vimeingia ziwani, na sisi tunachota palepale. Kipindupindu hakihitaji mchawi. Kinahitaji choo kilichozama na ndoo. Kila mtu alijua, na kila mtu alitaka jibu lingine.

Jibu lingine lilikuwa na kipaza sauti. Mtumishi Sévère alikuwa na chumba cha maombi cha mabati karibu na barabara, na Jumapili moja alisimama na simu mkononi, akawasomea watu maneno ya dada yangu.

"'Leo imeongezeka!' Si minye nasema. Madame mwenyewe anaandika, mutu wa masomo! Inaongezeka juu ya nini, sababu gani? Mutoto anaanguka, inaongezeka. Mwingine anaanguka, inaongezeka. Kuko mutu anaikulisha! Na mukia yake, bandugu, ni kidole. Inaonyesha kwenye mulozi analala."

Alliance alimfuata mlangoni baada ya ibada.

"Mutumishi, inaongezeka juu iko inakaribia jua. Na mukia haionyeshe mutu. Inakimbia jua, njo vile tu."

Sévère akamshika bega kwa upole. "Mungu akubariki, Madame. Endelea kutupimia."

Siku hiyo dada yangu aliacha kuandika. Haikusaidia. Nyota ikaingia kwenye mwanga wa jua, ikapotea, na Sévère akasema mchawi ameificha. Katikati ya Oktoba ikarudi, safari hii jioni, upande wa pili, juu ya milima iliyo nyuma ya mji. Ilikuwa kubwa. Mkia wake ulipanda juu ya vichwa vyetu kuelekea ziwani. Ukisimama mbele ya chumba cha maombi ukaufuata kwa kidole, kidole chako kilivuka mji wote, kikashuka juu ya paa la mwisho.

Paa lolote la ufukweni lingeweza kuwa hilo. Lakini mapaa mengine yalikuwa na wanaume ndani.

Wiki hiyohiyo Mapendo, binti wa pekee wa Libérat, akafa.

Mwezi ulikuwa unajaa. Mwezi ukijaa, boti za taa hazitoki: ndagala hazifuati taa wakati ziwa zima limewashwa. Kwa hiyo wanaume walikaa mchangani bila kazi, na juu ya maji hapakuwa na hata boti moja. Alliance akaenda kuketi karibu na Libérat, akanong'ona.

"Papa Mapendo, sikia minye. Hizi siku nyota itaonekana kama inazimika. Ni mwezi njo inaifunika, kama vile inafunika taa zenu. Mukimugusa Koko, mutasema imezimika juu yake. Mwezi ikienda, itarudi. Weye unajua mwezi kunipita."

Ni kweli. Hakuna mtu duniani anayelijua jambo hilo kuliko mvuvi wa taa. Libérat alitazama maji.

"Mapendo alikuwa anaogopa giza," alisema. Basi.

Alliance akakimbilia kwa askari. Aliyekuwa zamu akamwambia mkubwa hayupo, na pikipiki haina mafuta. Akarudi mbio kwa miguu, viatu mkononi.

Jua lilikuwa limezama. Wanaume walichukua pondo, zile fito ndefu za kusukumia boti. Sévère hakuchukua kitu. Alisimama kwenye mchanga mkavu, akanyoosha kidole.

Koko Kankindi alitoka na beseni la ndagala kiunoni.

"Zima ile nyota," Libérat akasema.

Bibi alitazama milima. Akawatazama wao.

"Sikuiwasha minye."

"Zima!"

"Libérat. Mikono yangu njo ilikushika wa kwanza."

Pondo ikamgusa kifuani. Akarudi nyuma hatua moja. Pondo nyingine. Wakamsukuma akaingia kwa mlango wake wa mbele, wakamsukuma akatoka kwa mlango wake wa nyuma. Huko nyuma kulikuwa na maji. Yakafika magotini. Kiunoni. Kifuani. Mwezi ukachomoza juu ya Burundi, nyuma ya kichwa chake, mwekundu, mzima. Shingoni.

Kisha ulibaki mwezi tu.

Dada yangu alipofika, alikuta beseni linaelea.

"Hatukumugusa," walimwambia. "Hakuna mutu alimugusa kwa mukono." Na wote wakageuka kutazama milima. Chini ya mwanga wa mwezi ule, nyota ilikuwa imefifia, karibu haionekani.

Wakaimba. Ngoma zilipigwa katika chumba cha maombi, wanawake wakapiga vigelegele, na dada yangu akasimama juu ya ukuta wetu akipiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Ni mwezi! Ni mwezi, wajinga ninyi! Ni mwezi!"

Mwezi ukaenda zake. Jioni ikawa nyeusi tena. Na juu ya milima nyota ikatokea, imepungua kama inavyopaswa kupungua ikiliacha jua, lakini ipo, na mkia wake mrefu umenyooka kuelekea ziwani.

Hakuna aliyeimba.

Mimi nilirudi nyumbani siku hizo. Giza lilikuwa linaanza kuingia, tunakula, mlango ukagongwa kwa kiwiko. Alikuwa Libérat. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Madame. Vua malineti."

"Juu ya nini?"

"Vua tu. Unipimie."

Akafungua kitenge kwa meno.

Viganja vyake vilikuwa vinawaka. Si moto. Havikuwa na joto. Ulikuwa ukungu mweupe, mzito katikati ya kiganja, mwembamba kuelekea vidoleni. Niliona sahani zetu kwa mwanga ule. Niliona mifupa ya samaki.

Alliance alivua miwani. Akatazama milima kupitia dirisha. Akatazama viganja. Akatazama milima tena.

"Inapunguka?" Libérat akanong'ona. "Ambia minye inapunguka."

Dada yangu hasemi uongo katika vipimo.

"Ile ya kule juu inapunguka," alisema. "Hii inaongezeka."

Libérat aliketi chini. Akatuambia wako wengi, wote walioshika pondo. Wamesugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa petroli. Mwanzoni, alisema, walifurahi kidogo, kwa sababu ukiingiza mkono majini ndagala zinakuja bila taa. Zinakuja zenyewe. Boti inajaa.

"Sasa mbona mumeacha kutoka?" nikamuuliza, maana boti zao zilikuwa zimelala mchangani.

Hakunitazama.

"Nyuma ya ndagala kuko mutu."

"Mutu gani?"

"Anatembea chini. Pole pole. Yeye pia anafuata mwanga." Akavuta kitenge, akafunika kiganja kimoja, kisha kingine. "Kila siku anakuwa karibu."

Sévère aliendelea kuhubiri. Alihubiri kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko mfukoni. Yeye hakuwa ameshika pondo. Lakini Jumapili moja ibada ilichelewa kwisha, na umeme ukakatika. Ukumbi ukawa mweusi. Na pale mbele, kupitia kitambaa cha suruali, watu wakaona mstari mmoja wa mwanga. Mwembamba. Umenyooka.

Kidole.

Wanaume wakasimama. Walimpeleka mchangani, palepale, na pondo zilikuwa palepale. Nililetwa na kelele, Alliance yuko mbele yangu. Mtumishi alikuwa amepiga magoti, na analia.

"Mukia haionyeshe mutu! Inakimbia jua! Inakimbia jua tu, muulizeni Madame! Madame, baambie!"

Wote wakamgeukia dada yangu. Nuru ya mikono yao ilimpiga usoni, na sijawahi kuona hasira ya namna ile juu ya uso wa mwanadamu. Hakuhitaji kusema chochote. Kunyamaza kungetosha. Mimi, nawaambia wazi, nilikuwa naomba anyamaze.

"Ni kweli," akasema. "Haionyeshe mutu. Nilibaambia. Nilibaambia wakati Koko angali muzima!" Sauti yake ilipasuka. "Wekeni zile pondo chini. Hakuna hata mumoja atasukumwa tena mu hii maji."

Pondo zikashuka moja moja. Hivyo ndivyo Sévère alivyookolewa, kwa sentensi ileile aliyoikataa mlangoni mwake. Hakusema hata aksanti. Alikimbilia milimani, njia ya Rurambo. Wachunga ng'ombe wa huko husema giza likianza huona mwanga mdogo unapita mbali kwenye majani, mweupe, chini chini, wala hausimami.

Nyota ikaenda zake. Mwaka ukapita.

Oktoba ya mwaka uliofuata ikaja nyota nyingine yenye mkia, tena jioni, tena juu ya milima ileile. Alliance akapanda ukutani, akavua miwani. Katika joto la Uvira, wanaume wa Kavimvira walikuwa wanatembea na glavu za sufu, zile za marobota ya mitumba. Kila nyota ilivyoongezeka, sufu ilizidi kupitisha mwanga.

Libérat hakuwa tena mvuvi. Alikuwa anafyatua matofali, na amehamia juu, mbali na maji, katika nyumba ya chumba kimoja. Kabla giza halijaingia alikuwa ameshafunga mlango kwa komeo la chuma. Asubuhi moja alitutumia mtu. Tukafika. Alifunga mlango nyuma yetu, akatuonyesha upande wa ndani.

Kwenye mbao, usawa wa kifua, kulikuwa na alama ya kiganja. Kidogo. Cha mwanamke. Kilikuwa kimetengenezwa kwa magamba ya ndagala, yamekauka, yameshikamana na mbao. Mikwaruzo ya kisu ilikuwa pembeni yake, mipya na ya zamani.

"Nakwangula," Libérat akanong'ona. "Inarudi."

Alliance aliomba tusubiri jioni. Tukasubiri. Tulipofunga dirisha, Libérat akavua glavu, na chumba kikawa cheupe mpaka pembeni. Dada yangu akavua miwani. Alikisogelea kile kiganja cha mlangoni, akakitazama muda mrefu, kama alivyozoea kuitazama mbingu.

"Iko ngapi?" Libérat aliuliza. "Madame. Iko ngapi?"

Alliance akavaa miwani yake.

"Hii hapana," akasema. "Mukono ya Koko haiwake hata kidogo."