Mtutu wa Kulia

Piusi alinifuata karakanani kwangu, Karatu mjini, saa tisa alasiri. Siku hiyo nilikuwa nimeshafungua majiko matatu ya mafuta ya taa na sikutaka kusikia habari ya kitu kingine kibovu. Alisimama mlangoni akiikunjakunja kofia yake.

"Fundi Marijani, nisaidie. Kuna mzee kule Endamarariek anauza bunduki. Sijui kama ananidanganya."

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Shamba la Piusi lilipakana na msitu wa Ngorongoro, na kwa misimu miwili mfululizo nyati walishinda humo wakambakizia mabua matupu. Mali yake ilikuwa maksai wawili wa kulimia. Hao ndio mzee aliowataka.

"Nikiwatoa halafu bunduki ikawa mbovu, mke wangu Antonia na watoto watakula nini?"

Mke wangu Hamisa alichungulia kutoka uani, akatutazama wote wawili. "Usichelewe kurudi," aliniambia. "Ukungu wa huko si mzuri."

Nilimcheka. Kucheka watu ndiyo ilikuwa tabia yangu. Bunduki nilijifunza jeshini enzi za Mwingereza, na tangu hapo nimesikia uongo wa kila aina. Kila bunduki kuukuu ni ya Mjerumani, na kila moja haijawahi kukosa shabaha. Nisifiche: nilifurahia kuona uso wa muuzaji ukishuka.

Tulidandia lori la mahindi, tukashuka, tukatembea. Tulifika jua likielekea kuzama.

Mzee Sylvesta alikuwa akitungoja nje. Hakutukaribisha ndani. Hata maji ya kunywa hakutupa. Aliileta bunduki mwenyewe, ya marisau, yenye mitutu miwili. Nilimnyooshea mikono niipokee, lakini yeye aliinama, akailaza kwenye majani, akarudi nyuma hatua tatu.

Niliudhika.

"Mbona hanipi mkononi?" nilimnong'oneza Piusi.

Piusi alitazama pembeni. "Ni mgongo wake tu, fundi. Iokote."

Nikaiokota.

"Hiyo ni ya wakati wa Mjerumani," mzee alisema. "Babu yangu aliipata kabla ya vita vyao na Mwingereza. Haijawahi kukosa. Na mwenyewe bado anaifuata."

"Mwenyewe yupi?"

Mzee alitazama bondeni.

Niliketi juu ya jiwe, nikaitenganisha mitutu na kitako. Chini ya mitutu, mahali ambapo mnunuzi haangalii, kulikuwa na muhuri wa kiwanda pamoja na tarehe. Mwezi wa nane, mwaka thelathini na nne. Nilimwonyesha Piusi kwa ukucha.

"Babu yake aliipata kabla haijatengenezwa," nilisema kwa sauti, ili mzee asikie. "Na kitako hiki kimechongwa hapahapa, kwa panga. Tena imelegea bawaba. Bunduki inayolegea hivi inakosa hata ukuta."

Piusi alitabasamu kidogo. Mzee hakubadilika uso. Hilo lilinikera.

Likabaki jambo la mwisho, kutazama ndani ya mitutu. Unauelekeza mtutu kwenye mwanga, unaweka jicho, unatafuta kutu. Nikauelekeza bondeni, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa.

Mtutu wa kushoto ulikuwa safi.

Wa kulia ulikuwa na doa. Doa jeusi, dogo, katikati ya duara la mwanga. Kutu, nikasema moyoni. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikakipitisha kwa kijiti. Nikanusa. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi...

Nikatazama tena. Doa lilikuwa na mabega.

Niliushusha mtutu. Bondeni hapakuwa na kitu. Mabua, na ukungu ukianza kushuka kutoka juu. Nikaweka jicho mara ya tatu.

Alikuwa anatembea.

Alikuwa anakuja.

Nilifuta jasho kwa kiganja. Niseme nini? Kwamba fundi Marijani, anayewacheka watu kwa hirizi zao, ameona mtu ndani ya bomba la chuma? Piusi alikuwa ananitazama usoni, akisubiri neno langu.

"Vipi, fundi?"

"Safi," nilisema. "Mitutu yote ni safi. Bawaba nitaikaza. Ila mpe maksai mmoja tu. Wawili ni wizi."

Nilitegemea mzee abishe, maana muuzaji asiyebisha sijawahi kumwona. Mzee Sylvesta alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Hata huyo mmoja bakini naye," alisema. "Ichukueni tu."

Tuliondoka upesi. Piusi alikuwa akicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Kesho yake niliikaza bawaba bila kuweka jicho kwenye mitutu, nikamkabidhi.

Zikapita siku kumi na moja. Jioni moja, nikifunga karakana, nilimwona Piusi amesimama barabarani. Hakunisalimia. Alikuja mpaka kizingitini, akainama, akailaza bunduki chini. Akarudi nyuma hatua tatu.

Niliacha kufuli likining'inia mlangoni.

"Piusi, kwa nini unaweka chini?"

"Nyumba iliyofiwa sisi tunasema iko metimani," alisema taratibu. "Haishiki mkono wa mtu. Haiingii kwa watu. Na kitu chake hakitoki mpaka siku ziishe. Akikichukua mtu, amekichukua pamoja na kifo chake. Mzee Sylvesta alikuwa amemzika mwanawe wiki ile. Nililiona kaburi nyuma ya nyumba, fundi. Nikanyamaza. Nilisema mimi nimebatizwa, hayo ni ya wazee. Tena nilikuwaza wewe, mtu wa pwani, hujui mila zetu, haitakudhuru ukiiokota wewe."

"Na kwako... nani amefiwa?"

"Antonia. Jumanne. Alikuwa anapeta maharage tu."

Nilitaka kumshika bega, lakini alirudi nyuma tena.

"Ulimwona siku ile," alinong'ona. "Nililiona jasho lako. Mimi nilitaka sana iwe nzuri, nikakuamini. Kwa nini ulisema ni safi?"

"Niliona aibu," nilisema. Ndiyo ilikuwa kweli yote.

"Basi mtazame tena. Niambie amefika wapi. Asubuhi alikuwa karibu sana, nikauona uso."

Niliokota bunduki. Mara ya pili, kwa mikono hii hii. Nikaitenganisha, nikauelekeza mtutu wa kulia kwenye mwanga wa jua uliobaki juu ya paa la duka la jirani. Nikaweka jicho.

Duara jeupe. Chuma kinang'aa. Hakuna doa.

Hakuna mtu.

"Safi!" nilisema, na safari hii sikudanganya. "Piusi, ni safi kabisa. Hayumo."

Piusi alianza kulia.

"Basi ametoka," alisema.

Ile harufu ya udongo ilikuwa imenizunguka. Uani, nyuma ya karakana, Hamisa aliacha kutwanga. Nikamsikia akiongea, kwa sauti yake ya kupokea wageni.

"Karibu, baba. Mbona umelowa hivyo? Hebu nipe mkono."