Mlango Uliochorwa Kwenye Raba

Jua lilikuwa linazama, na Elinipendo alikuwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa barazani kwake, mtaa wa Soweto mjini Moshi. Mwaka ule wa tisini na saba vijana wa Moshi walikuwa wamepagawa na raba nyeupe za turubai, na yeye ndiye aliyewachorea: maua, simba, majina ya wachumba, mlima na theluji yake. Alikuwa amemaliza jozi ya bwana harusi mmoja, akataka kuwahi sokoni kununua mboga.

Alipoinua macho, mama mmoja mzee alikuwa amesimama mbele yake. Hakuwa amesikia hatua zake.

"Shikamoo, mama."

Yule mama hakuitikia. Alitoa jozi ya raba chini ya kanga. Zilikuwa mpya, nyeupe, ila soli zake zilikuwa zimelowa tope jekundu. Moshi ilikuwa na miezi miwili bila mvua. Alinuka moshi wa kuni mbichi… na kitu kingine, kama migomba iliyooza. Elinipendo akatupia jicho miguu yake. Alikuwa peku, vidole vimepasuka kama vya mtu aliyetembea mwaka mzima.

Alitaka achorewe nyumba. Aliieleza kwa sauti ya chini, kwa lafudhi nzito ya Machame: nyumba ya mbao, bati lililoshika kutu upande wa kushoto, mfereji unaopita karibu na zizi, dirisha dogo la nyuma lililozibwa kwa debe. Elinipendo alichora mpaka alipofika kwenye debe, akainua brashi. Debe lile huwezi kuliona ukiwa njiani. Alilipigilia marehemu baba yake, kwenye chumba anacholala mama yake mpaka leo.

"Hii nyumba umeifahamu wapi, mama?"

"Mlango," yule mzee alinong'ona. "Uchore wazi."

Elinipendo akasingizia giza, akamwambia aziache raba, aje kesho. Mzee alimtazama… akamtazama… kisha akaondoka. Alipokata kona, mbwa wote wa mtaa walinyamaza.

Mchawi, Elinipendo alijiambia. Ametumwa na mtu anayekitolea macho kihamba cha mama, shamba la ukoo. Saa mbili ilikuwa haijafika alipowasha taa, akashika brashi na kuuchora ule mlango. Aliuchora umefungwa. Akauwekea komeo nene, jeusi.

Asubuhi alizifunga raba kwenye gazeti, akapanda Machame, kijijini kwao. Alimkuta mama yake, Martha, amejikunyata jikoni. Ng'ombe alikuwa analia zizini, hajakamuliwa. Viganja vya Martha vilikuwa vimechubuka vibaya.

Martha alisimulia bila kumtazama mwanawe. Jana, kama saa mbili hivi, alikuwa anamaliza sala aliposikia mtu akigonga.

Ngo… ngo… ngo.

Sauti ikasema, mama, nifungulie, ni mimi. Ilikuwa sauti ya Elinipendo. Martha akakimbilia komeo, likagoma. Alilivuta kwa mikono miwili mpaka ngozi ikatoka, na komeo lile alilipaka mafuta juzi tu. Aliyekuwa nje akaanza kuizunguka nyumba. Akazunguka… akazunguka… mpaka jogoo alipowika, ndipo komeo likalegea.

Walitoka kuangalia. Alama za miguu zilikuwa zimeizunguka nyumba yote.

Miguu peku.

Ndipo Elinipendo akamweleza habari za mgeni wake. Alipofika kwenye vile vidole vilivyopasuka, Martha alijifunika uso kwa kanga.

"Huyo ni Kornelia," alisema. "Dada wa baba yako."

Kabla Elinipendo hajazaliwa, Martha alizika watoto wawili mfululizo, na ukoo ukamnyooshea kidole Kornelia kwa uchawi. Jioni moja ya mvua walimtoa nje ya nyumba hii bila viatu. Alirudi akagonga, akiomba japo viatu vyake. Hakufunguliwa. Hakuonekana tena, na hakuna aliyejua kama alikufa wala alikozikwa.

Elinipendo akauliza taratibu, "Alikuwa mchawi kweli?"

Martha aliitazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyewaambia."

Jioni ile alizichukua raba mwenyewe, akaziweka nje ya kizingiti, akaingia kulala. Asubuhi hazikuwepo.

Elinipendo alidhani yameisha. Lakini tangu siku ile mama yake hakubali mlango ufungwe, hata Julai, baridi ya mlimani inapoingia mpaka kwenye mifupa. Majirani wanasema ni uzee. Na kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajapita, Martha huwahi kufagia sakafu, kuanzia mlangoni mpaka kando ya kitanda chake.

Elinipendo hajawahi kumuuliza anafagia nini.